Shemasi na Faneli za Baruti

Huyu mtu nitamwita Shemasi, kwa sababu ndivyo tulivyomwita, na hata walipomvua ushemasi midomo yetu haikupata jina jingine. Jina lake mnalijua ninyi mliosali naye pale ghorofani, karibu na Joubert Park. Wasiolijua hawana kazi nalo. Alizaliwa wapi, baba yake nani, alivuka mpaka upi kwanza, hayo sitayasema. Sisi wote tulivuka. Mtu akianza kusimulia kuvuka kwake hamalizi, na mimi nataka kusimulia mikono.

Mikono ya Shemasi ilikuwa mikubwa kuliko mwili wake. Ungefikiri aliazima. Dole gumba la kushoto lilikuwa na kucha nene, ya rangi ya mfupa, na kwa kucha hiyo aligonga vitu. Akikuzibia sufuria, kabla ya kukupa anaigonga mara mbili, anatega sikio, ndipo anasema "Chukua." Aligonga kikombe kabla ya kunywa. Aligonga vyuma vya kitanda changu siku aliyokuja kukaza skrubu. Mjukuu wangu wa mwisho, anayejibu Kizulu hata umsemeshe nini, alikuwa akimwona tu anainamisha kichwa agongwe. Shemasi anagonga polepole, anasikiliza, anatuangalia kwa uso wa daktari. "Huyu amejaa," anasema. "Huyu hana tundu." Mtoto anacheka mpaka anaanguka.

Kwetu Kivu alikuwa fundi wa bati. Alitengeneza mbabula, yale majiko ya makaa, na taa za parafini, na ndoo. Alifika hapa akiwa na mkasi wa bati ndani ya begi, akakuta watu wa ghorofani hawapiki kwa makaa, mwenye jengo hataki moshi, na ndoo zote ni za plastiki. Alisema Johannesburg ilimwambia "hatukuhitaji" siku ya kwanza, bila hata kumpa kiti. Aliosha magari, akalinda magari, akabeba mizigo pale Park Station. Baadaye akapata meza ya kazi nyuma ya duka moja dogo kule Kensington, na tangu hapo, ukimwuliza anafanya nini, anakujibu: "Natengeneza faneli."

Hakuna aliyeuliza zaidi. Faneli ni faneli. Mtu anafikiri mafuta ya taa, anafikiri mafuta ya gari, anapita. Mimi ninayeuliza kila kitu, ninayemuuliza mwenye spaza, kile kiduka cha mtaani, kwa nini mkate wa leo ni mwepesi kuliko wa jana, hata mimi sikuuliza.

Usinikimbize. Hilo ndilo neno alilolisema kuliko mengine yote. "Usinikimbize, niko shingoni." Shingo ni ile sehemu nyembamba ya faneli, panapobana, na kwake kazi yote ilikuwa hapo. Ukimwita chakula kimeiva, yuko shingoni. Mchungaji akimwambia afupishe maombi maana ibada imechelewa, anafungua jicho moja: "Mchungaji, usinikimbize, niko shingoni." Vijana wa kwaya walilichukua neno hilo likawa lao. Ukimpigia mmoja simu kwa nini hajafika mazoezini: "Eish, Mama, niko shingoni." Yuko kitandani huyo.

Alikuwa mkali kwa vitu na mpole kwa watu, ila alipenda kubishana. Tulibishana juu ya ugali, kwamba wa unga mweupe wa hapa ni ugali au ni uji uliokauka. Tulibishana juu ya mvua. Siku moja nilimpelekea kopo kubwa la mafuta ya kupikia, safi, nimeliosha kwa majivu, nikijua fundi wa bati atalifurahia. Akaligonga, akanirudishia.

"Hili ni chuma limepakwa bati, Mama Baraka. Silitaki."

"Mbona kwetu ulitengenezea taa?"

"Kwetu nilitengeneza taa. Huku nataka shaba ya manjano. Shaba haitoi cheche."

"Cheche kwenye faneli? Unamimina nini, moto?"

Akacheka, akafunika mdomo kwa ule mkono mkubwa. "Wewe mama, ungekuwa polisi."

Ningekuwa polisi ningeuliza swali la pili. Sikuuliza. Nilikasirika kwa ajili ya kopo langu.

Sasa nieleze kazi yenyewe, kwa sababu sasa ninaijua. Kule mashambani wawindaji hawatupi ganda la risasi likishapigwa. Wanaliokota, wanalisafisha, wanatia fataki mpya kwenye kitako, wanamimina baruti waliyoipima kwenye mizani ndogo, halafu wanakaza kichwa kipya cha risasi juu. Ni kazi ya mezani, ya watu wavumilivu, na sheria ya hapa inairuhusu kwa mwenye kibali. Mdomo wa ganda ni mwembamba, unapitisha penseli tu, kwa hiyo lazima faneli. Faneli za dukani ni za plastiki. Na baridi ya Johannesburg mnaijua, ni kavu. Ukivua sweta linalia, ukimshika mtoto mkono anaruka. Plastiki nayo inapata ule ugonjwa wa sweta. Punje za baruti zinaing'ang'ania, zinapanda ukutani mwa faneli kama sisimizi, hazitaki kushuka. Tena uwindaji wenyewe ni wakati huo huo wa baridi. Basi wawindaji walileta faneli zao kwenye lile duka, na mwenye duka, mzungu mzee mwenye goti bovu, alimpa Shemasi azitibu.

Nyingine alizikata shingo, akazitia mrija wa shaba ndani. Nyingine alizipanua mdomo wa chini akaulainisha kwa msasa mpaka ukae juu ya ganda bila kutikisika. Zile za kwake mwenyewe alizitengeneza zote kwa shaba, zenye mrija mrefu, ili punje zishuke kwa utaratibu na kulala vizuri ndani ya ganda. Punje zenyewe ni ndefu ndefu, kama majani ya chai ya bei rahisi. Kwa hiyo alizijaribu kwa chai. Baruti hakuigusa, haikuwa kazi yake wala hakuwa na kibali. Alikuwa na pakiti ya majani ya chai mezani, na chai hakunywa, ilimsumbua tumbo. Alimimina chai kwenye faneli kutwa nzima, akitazama itakapokwama. Faneli zake zote zilinukia chai.

Ndivyo tulivyokosea.

Mimi nilikuwa mkubwa wa akina mama wanaotayarisha Meza ya Bwana. Mnavijua vile vikombe vidogo, vya kioo, ambavyo mtu anakunywa mara moja kimeisha. Vimepangwa kwenye sinia, kila kimoja kwenye shimo lake, na kuvijaza ni adhabu. Tulitumia jagi. Divai ya zabibu ilimwagika kwenye sinia, kwenye kitambaa cheupe, kwenye viatu vyetu. Jumapili moja nilikuwa nafuta sinia huku nikisema maneno ambayo mama wa Meza hapaswi kuyasema. Shemasi alikuwa amesimama mlangoni, maana kazi yake ilikuwa kulibeba lile sinia mbele ya watu. Jumapili iliyofuata alitoa faneli mfukoni, ndogo, ya shaba, imesuguliwa mpaka unaona meno yako ndani. Akaigonga mara mbili.

"Chukua. Hii haitamwaga tone."

Nikainusa. "Ni ya chai hii?"

"Imejaribiwa kwa chai."

Na haikumwaga tone. Tuliikalisha juu ya kikombe, ikakaa kama imezaliwa hapo, ikashusha divai taratibu, tukahamia kikombe kingine. Akina mama waligombea kuishika. Mimi niliiosha mwenyewe kila Jumapili, niliikausha mwenyewe, niliifunga kwenye leso yangu. Mchungaji aliisifu mimbarani. Alisema tazameni jinsi ndugu yetu anavyomtumikia Mungu kwa kipawa chake. Shemasi aliangalia chini. Niliona ni unyenyekevu.

Kuna mambo ya Shemasi ambayo hayakai pamoja. Alitengeneza faneli za watu wa bunduki, lakini kuku hakuweza kumchinja. Sikukuu ikifika alibisha mlangoni kwangu na kuku kwapani, anamshika kama mgonjwa. "Mama Baraka, nisaidie." Nachinja mimi, yeye yuko ukumbini anaangalia ukuta. Na Mwaka Mpya, Joubert Park inavyolipuka fataki kila dirisha, alikuwa anaingia chooni na redio, anafunga mlango, anakaa juu ya ndoo iliyogeuzwa mpaka mitaa inyamaze. Watu wa chumba chake walimtania. "Shemasi, toka, mwaka umeshaingia!" Naye anajibu kutoka ndani: "Uacheni ukae, nitausalimia asubuhi."

Alikuwa mtoaji pia. Wateja wake walimpa nyama. Krismasi moja alileta mguu mzima wa tandala, uliokaa kwenye friza ya mteja tangu baridi, umefungwa kwenye gazeti, tukaupika kwenye sufuria tatu na kanisa zima likala. Watu walilamba vidole. Mzee wa kanisa alimwuliza, "Shemasi, hawa rafiki zako wa mashambani wanafuga hawa wanyama?"

"Hapana, Mzee. Wanawapata porini."

"Mungu awabariki kwa kuwapata," Mzee akasema, akaongeza mchuzi.

Hakuna aliyeuliza tandala aliuawa kwa kitu gani.

Aliyetuonyesha ni kijana wetu mmoja wa sekyuriti, kiongozi wa kwaya, anayelinda gari la fedha kule Sandton. Kampuni yao inawapeleka kujifunza kulenga shabaha, na kule aliona watu wakijaza risasi zao mezani. Jumapili hiyo alikuja jikoni kuomba maji, akanikuta na faneli juu ya kikombe. Akacheka kwanza. Nakumbuka kwamba alicheka kwanza.

"Mama Baraka, hii mmeitoa wapi? Hii ni ya baruti."

"Ya nini?"

"Ya baruti, Mama. Ya kujazia risasi. Angalia huu mdomo, ganda linakaa hapa." Akaingiza kidole kuonyesha.

Mimi ninaitwa Mama Baraka kwa sababu ya mwanangu wa kwanza. Baraka alipigwa risasi shambani, kule Fizi, akivuna mihogo, na mimi nilikuwa mstari wa pili, nimeinama. Sitasema zaidi ya hapo. Kanisa zima linajua. Akina mama waliokuwa jikoni walinitazama mimi, hawakuitazama faneli. Nilikuwa nimeishika. Divai ilikuwa bado inashuka ndani yake, taratibu, vizuri, bila kumwagika.

Baraza lilikaa baada ya ibada. Viti vya plastiki, wazee mbele, Shemasi katikati, amevaa koti lake la Jumapili. Faneli ilikuwa mezani juu ya leso yangu.

"Shemasi," Mchungaji akaanza, "hiki ni kitu gani?"

"Ni faneli, Mchungaji."

"Ya kumiminia nini?"

"Zile za kule dukani ni za baruti. Hii hapa haijaona baruti hata siku moja. Imeona chai, halafu imeona zabibu."

Mtu mmoja nyuma alicheka, akakanywa.

"Lakini ni mtoto wa mama mmoja na zile," alisema Mzee wa kanisa, yule wa mchuzi.

"Ni kweli, Mzee. Mikono ni ile ile."

"Na wewe ni mtu wa kwetu. Unajua tulikimbia nini."

Shemasi alitaka kueleza. Ndipo alipojiharibia, maana alikuwa mtu wa kueleza vitu, hakuwa mtu wa kujitetea. Alisimama, akachukua faneli, akaweka kucha yake kwenye shingo ya faneli. "Wazee wangu, sikilizeni. Punje zikikwama hapa, ganda la kwanza linapata pungufu. Halafu unahamia la pili, unatikisa, zile zilizokwama zinaanguka. La pili linapata yake na ya mwenzake. Mtu hajui. Anakwenda porini, anapiga, bunduki inampasukia usoni. Nimemwona mmoja, jicho hana. Faneli yangu haikwamishi. Kazi yangu inalinda uso wa mtu."

Sikuwa nimepewa nafasi ya kusema. Nilisimama tu.

"Na aliye mbele ya bunduki, Shemasi? Uso wake unalindwa na nani?"

Alinigeukia. Hakukasirika. "Mbele kuna tandala, Mama Baraka," alisema polepole, kama ananibembeleza.

"Risasi inajua kwamba ni tandala?"

Basi ukumbi ukalipuka. "Amina!" "Sema, Mama!" Watu wakapiga makofi. Mama mmoja akaanzisha wimbo. Shemasi akakaa chini, faneli mkononi, na mimi nikabaki nimesimama katikati ya makofi kama mtu aliyeshinda kitu.

Nililolisema lilikuwa kweli. Ningeulizwa leo ningesema vile vile. Lakini makofi yale yananiwasha mpaka sasa, kama nguo ya mtu mwingine niliyovalishwa mbele ya watu. Wakati wimbo unaendelea, yule kijana wa sekyuriti aliinama kwa Mchungaji kuomba ruhusa, zamu yake ya jioni inaanza. Koti lilifunuka, bastola ikaonekana kiunoni, nyeusi, imelala kwenye mfuko wake wa ngozi. Mchungaji akamwekea mkono begani. "Nenda, mwanangu. Mungu akulinde kazini." Niliona. Wazee wote waliona. Shemasi aliona pia, na hakusema, ingawa lilikuwa neno la kumwokoa.

Hukumu ilikuwa hivi: avuliwe ushemasi, asiguse Meza ya Bwana, wala kuibeba wala kuinywa, mpaka aiache kazi ile na kutubu mbele ya kanisa. Mchungaji alisema tunafanya hivi kwa ajili ya mama yetu huyu aliyempoteza mtoto. Akanionyesha kwa mkono wazi. Sikuwa nimeomba. Lakini nilikaa pale nikaonyeshwa.

Nilifikiri atahama kanisa. Makanisa yetu hapa mjini ni mengi, unatoka moja unaingia jingine kabla viatu havijapoa. Hakuhama. Alikuja kila Jumapili, akakaa benchi la nyuma karibu na mlango. Sinia la vikombe likimfikia, alilipokea kwa mikono yote miwili na kumpitishia jirani, kwa uangalifu, kama mtu anayepitishiwa mtoto mchanga asiye wake. Sisi jikoni tulirudia jagi. Kitambaa kilichafuka, sinia likanata, hakuna aliyethubutu kusema anaikumbuka faneli. Mchungaji alikuwa ameitupa pipani.

Na alinisalimu. Hilo ndilo sikuliweza. Nikikutana naye kwenye ngazi alisimama pembeni nipite na mizigo. "Mama Baraka, hujambo? Yule aliyejaa hajambo?" Sufuria yangu ilipotoboka kitako nilikaa nayo wiki nzima, naona haya kumpelekea. Mjukuu akampelekea bila kuniuliza. Ikarudi imezibwa.

"Amesema nini?" nikamwuliza mtoto.

"Amesema kwa nini umechelewa."

Niseme mapema kwamba alirudi Mezani, msije mkangoja bure. Alirudi, akabeba sinia tena kwa muda, mpaka binti yake alipomchukua kwenda kukaa naye Cape Town. Lakini namna alivyorudi ndiyo ninayotaka kuandika, maana nilikuwepo mimi tu.

Wazee walichoka. Waliona mtu amekaa nyuma misimu ya baridi inapita, haachi kazi, haachi kanisa, na watoto wameanza kuuliza kwa nini babu yule hanywi. Wakakubaliana: suala la kazi wasiliguse tena, mtu lazima ale. Ila atubu mbele ya watu, kwa maneno waliyoyapanga, na yaishe. Nani ampelekee habari? Wote wakanitazama. Hukumu iliyofanywa kwa ajili yangu, ifunguliwe nami. Mchungaji alinifundisha yale maneno mpaka nikayashika.

Nilikwenda Kensington siku ya Ijumaa, baridi inakata masikio. Mbele ya duka mwenye duka alikuwa anaongea na wanaume wawili wenye makoti ya shambani. Alinionyesha nyuma kwa kidole bila kukatiza hadithi yake.

Shemasi alikuwa amepungua. Mikono tu ndiyo iliyobaki ukubwa ule ule.

"Karibu, Mama Baraka. Usikae hapo, kuna chenga za shaba, zitakuchoma." Akafuta kigoda kwa kiwiko. "Wamekutuma."

"Nani amekuambia?"

"Uso wako. Huo ni uso wa baraza."

Nikakaa. Alikuwa na faneli kwenye jiliwa, kile chuma cha kubania, akamimina chai, sote tukaitazama ikishuka. Ilishuka yote.

"Wanataka urudi Mezani," nikasema.

Akaacha pakiti ya chai. "Na kazi hii?"

"Wamesema endelea nayo."

"Kumbe." Akafikiri. "Sasa, kama kazi haina neno, kilichokuwa kibaya ni nini?"

"Usiniulize mimi, Shemasi."

"Nimwulize nani? Wewe ndiye uliyelisema lile neno. Wengine waliimba tu."

"Nililisema, na nitalisema tena. Mwanangu yuko ardhini."

"Najua, Mama."

"Basi."

"Sikubishi." Alichukua tupa, akaiweka tena. "Neno lako nimekaa nalo. Zamani mtu akija kuchukua faneli nilikuwa naitazama faneli. Siku hizi namtazama yeye usoni."

"Unaona nini?"

"Ninaona mtu anayetaka faneli." Akainua mabega. "Ningekuwa na macho mengine ningekwambia kingine."

Mbele dukani walikuwa wanacheka. Nilikuwa na nafasi pale ya kusema jambo. Ningeweza kusema, Shemasi, niliiona bastola ya yule kijana na nikanyamaza. Ningeweza kusema, usije, kaa na heshima yako. Nilikuwa nimekuja na maneno ya watu kinywani, hayakuacha nafasi.

"Utakuja?" nikauliza.

"Wewe unataka nije?"

"Nataka."

"Nitakuja. Nimechoka kulipitisha lile sinia, Mama Baraka. Nimechoka kabisa." "Niambie wanataka niseme nini."

Nikamwambia. "Mimi nimekosa mbele za Mungu, na mbele ya kanisa lake, na mbele ya Mama Baraka. Nilileta kitu cha damu kwenye Meza ya Bwana. Natubu, naomba mnipokee."

"Cha damu," akarudia.

"Ndivyo walivyopanga."

Akasimama. Sijui kwa nini alisimama, hakuna aliyemwambia asimame. Akavua kofia ya sufu, akaishika mbele ya tumbo kwa mikono miwili, mzee mzima, kati ya chenga za shaba na pakiti ya chai.

"Mimi nimekosa mbele za Mungu, na mbele ya kanisa. Na mbele ya..." Akanitazama, akaangalia pembeni. "Nilileta kitu..."

"Umeruka jina langu."

"Naona vigumu kulisema na wewe umekaa hapa."

"Jumapili nitakuwa nimekaa hapo hapo. Anza tena."

Akaanza tena. Mimi nimefundisha watoto shule ya Jumapili miaka mingi, namna moja tu ninaijua, nayo ilinitoka yenyewe. Nikamwambia asimame wima. Nikamwambia asikimbilie "natubu", aipe nafasi. Alitii kila kitu. Mara ya tatu akayasema yote, jina langu ndani yake, bila kukwama, kwa sauti ndogo sana, kama mtu anayesoma namba.

"Paza," nikasema. "Kule nyuma hawatakusikia."

Akapaza. Mbele dukani wanaume wakaacha kucheka, mmoja akachungulia kuona kuna nini. Aliona mzee amevua kofia anamlilia mwanamke kwa lugha asiyoijua, na mwanamke ameketi kwenye kigoda, mkoba magotini, anatikisa kichwa kwamba ndiyo, hivyo hivyo, sasa umepata.